Anataka breki mpya, na mimi najua za zamani ni nzima

Mshauri mpendwa, shikamoo kama umenizidi umri, na kama hujanizidi basi ipokee tu uiweke, naomba msaada wako kwa jambo ambalo ukilisikia juu juu utasema huyu mama hana kazi ya kufanya, maana linahusu breki za gari, lakini nisome mpaka mwisho ndipo unigombeze.

Mimi ni mshonaji, cherehani yangu ya kukanyaga iko sebuleni karibu na dirisha, na mume wangu ni mwalimu wa udereva ambaye kazi ameiacha, au niseme kazi imemwacha, maana pale shuleni waliajiri vijana wakamwambia mzee sasa pumzika, na atapumzika vipi mtu ambaye maisha yake yote amekaa kiti cha pembeni na pedali yake ya ziada akiwaokoa watoto wa watu wasigonge kuta? Sasa huyu bwana tangu ujana wake ana gari la mbio, dogo, la zamani, rangi imebabuka, haliruhusiwi hata kuingia barabarani, linabebwa na lori kwenda uwanja wa mashindano na kurudi. Mimi nilipoolewa nililikuta, ndiyo maana majirani wakaliita Bi Mkubwa, na jina nimelizoea hata mimi, nikiulizwa baba watoto yuko wapi najibu yuko kwa Bi Mkubwa, na wateja wageni wananipa pole bure.

Nikueleze kazi yangu kwa huyo Bi Mkubwa, maana ndipo penye tatizo. Breki za gari zinasukumwa na mafuta, na mafuta yakiingiwa na upepo pedali inakuwa laini kama mto wa kulalia na gari halikamati vizuri, kwa hiyo kabla ya kila mashindano lazima upepo utolewe, na hiyo ni kazi ya watu wawili, mmoja ndani anakanyaga pedali, mwingine amelala chini anafungua bolti ndogo kwenye gurudumu ili mafuta yaruke na upepo wake. Mkanyagaji ni mimi tangu nikiwa bibi harusi. Yeye chini anasema kanyaga, nakanyaga, anasema shikilia, nashikilia, anafungua, pedali inazama, anafunga, anasema achia, naachia, tunahamia gurudumu jingine, na katikati ya kanyaga na achia tumeongea mambo yote ya nyumba hii, ugonjwa wa mama yangu, jina la mtoto, hata siku aliyopewa barua ya kuacha kazi aliniambia akiwa chini ya gari, kwa sababu kuna maneno mtu huyasema kirahisi akiwa chini ya gari na mwenzake hamwoni uso.

Basi tangu mwaka jana akaanza kulalamika kwamba breki za Bi Mkubwa zimelegea, na si baada ya kuzunguka uwanja sana mpaka zipate moto, hapana, tangu mzunguko wa kwanza anasema hazikamati. Tukabadilisha mafuta, tukabadilisha pedi, tukatoa upepo mpaka nikaota kutoa upepo, bado hazikamati. Akaitwa fundi, kijana ambaye udereva alifundishwa na mume wangu mwenyewe, akakagua, akaniita pembeni penye pipa la maji akaniambia kwa sauti ndogo, "Mama, diski nzima, pedi bado nene, sioni tatizo. Lakini mwalimu akisema zimelegea, mimi ni nani nibishane naye?" Mimi moyoni nilikuwa najua hivyo hivyo, maana mguu wangu umezeekea kwenye pedali, ya cherehani na ya gari, na pedali ya Bi Mkubwa ilikuwa ngumu kama kukanyaga sakafu.

Siku hiyo hiyo mume wangu akaniuliza kutoka chini ya gari, "Mke wangu, wewe unaisikiaje hiyo?"

Mshauri, nilitaka kusema ngumu. Lakini alikuwa na miezi tangu atoke kazini, hajacheka, anakaa tu anasikiliza redio, nikaona nikimwambia ngumu atajua amebaki peke yake na malalamiko yake. Nikasema, "Imelegea kidogo."

"Si nilisema!" akapiga kelele kule chini, akacheka kicheko ambacho nilikuwa nimekisahau, na mimi nikafurahi kama mjinga.

Baada ya hapo kila mtu akaamini breki mbovu, maana mkanyagaji ameshasema. Binti yetu, kitinda mimba, msichana mzima sasa, ambaye anapenda gari kuliko kula, huwa anavaa helmeti anakaa kiti cha pembeni baba yake akizungusha, na mashindano yaliyopita walifika mwisho wa ule mnyooko mrefu wakaingia kona bila kupunguza mwendo, gari likapitiliza likazama kwenye mchanga, vumbi likafunika kila kitu mpaka sikuona gari wala watu. Nilikimbia na sindano za kushonea bado ziko kifuani kwenye gauni. Nikamkuta binti anacheka huku anatema mchanga, anasema, "Mama, breki zimegoma kabisa!" na baba yake amekaa ndani ameshika usukani, anautazama mguu wake wa kulia. Gari lilipovutwa nje nililipandisha mimi kwenye lori, nikakanyaga breki, likasimama hapo hapo.

Nyumbani nako nimechoka, sikufichi. Mwanamume aliyestaafu yuko nyumbani kutwa, redio juu, ngazi anapanda ameshika ukuta utadhani nyumba inayumba, kandambili yake ya kulia naikuta koridoni imebaki peke yake na mwenyewe yuko mezani anakunywa chai mguu mtupu hana habari, nikimwambia ananiuliza kandambili gani, basi siku hizi simwambii tena, naiokota naiweka chini ya kiti chake kimya kimya, na kesho tena naiokota, mpaka najiuliza mimi ni mke au ni mwokota viatu. Na hapo nina gauni za harusi za watu zinanisubiri kwenye cherehani.

Juzi tukawa tunatoa upepo tena, akasema leo anataka aisikie pedali mwenyewe, nilale mimi chini. Nikalala. Nikamwambia kanyaga. Akasema, "Nimekanyaga." Nikamwambia shikilia, nikafungua bolti, na yale mafuta ambayo miaka yote nimesikia yanaruka tsss, yalitoka yakitiririka taratibu kama uji. Nikamwambia, "Baba watoto, kanyaga." Akasema kwa hasira, "Nimekanyaga mpaka mwisho, hujasikia?" Pale chini nikayatazama mafuta yananichuruzikia kwenye mkono. Breki hazina ubaya wowote. Ni mguu wake. Amezeeka mume wangu, mshauri, nguvu zimemwisha, na mimi nilikuwa wa mwisho kujua, au wa kwanza kujua na wa mwisho kukubali, sijui.

Sasa binti yetu amepata seti kubwa ya breki kutoka kwa mtu aliyevunja gari lake, diski kubwa, kila kitu kikubwa, fundi yuko tayari kufunga, mume wangu amechangamka kama mtoto, na mashindano ni mwisho wa mwezi huu na binti atakaa kiti kile kile. Kwetu kuna sheria, Bi Mkubwa hafungwi kitu kipya mpaka mkanyagaji aseme ndiyo. Wanasubiri neno langu. Nikisema ndiyo labda breki kubwa zitausaidia mguu wake tuishi kwa amani, na nikisema hapana ataniuliza kwa nini, na mimi sina uso wa kumwambia mwalimu wa udereva kwamba mguu wake haufai, halafu nimwambie pia kwamba mwaka mzima nimemdanganya. Gari ndilo kitu pekee kilichombakia. Nimechoka, mshauri, nimechoka kukaa na maneno haya mdomoni. Tufunge breki mpya au tusifunge?

Ni mimi, Mkanyagaji.

JIBU

Mkanyagaji, shikamoo nimeipokea na umri tusiulizane. Barua yako nimeisoma nikacheka kwa ajili ya Bi Mkubwa, nikairudia nikaacha kucheka.

Tuanze na breki kwa kuwa umeuliza breki. Mimi gari najua kupanda na kushuka tu, kwa hiyo nimempigia simu bwana mmoja anayehudumia magari ya mbio. Kabla sijamaliza hadithi akaniuliza, "Huyo mzee analalamika tangu mwanzo au baada ya mizunguko mingi?" Nikamsomea ulivyoandika. Akasema breki kubwa zinatibu joto, yaani gari likizunguka sana na breki za kawaida zikachemka zikaanza kuteleza, hapo diski kubwa inasaidia. Lakini breki zinazolaumiwa zikiwa baridi, mzunguko wa kwanza, pedali ngumu, pedi nene, na mtu mwingine akikanyaga gari linasimama, huyo bwana akasema hapo hafungi kitu. Hata ziwe na ukubwa wa sinia, hazijikanyagi zenyewe. Atakachopata mumeo ni imani. Atachelewa zaidi kukanyaga kwa sababu anaamini ana breki mpya, na mchanga ule safari ijayo huenda usitoshe kumsimamisha.

Kwa hiyo usiseme ndiyo. Hilo ndilo jibu la swali lako, na kama lingekuwa ndilo swali lenyewe ningeishia hapa.

Sasa nikugombeze, maana uliniomba nisubiri mpaka mwisho na mwisho nimefika. Dereva amekuuliza hali ya breki zake na wewe umemdanganya. Najua kwa nini. Ulitaka acheke, na mimi pia ningetaka mume wangu acheke. Lakini kicheko hicho kilimweka mtoto wako kwenye kiti cha pembeni, akatema mchanga, na wewe ulikimbia na sindano kifuani ukijua kitu ambacho, ukimtoa fundi, hakuna mwingine aliyekuwa anakijua. Fundi naye amenyamaza kwa heshima, binti anashangilia kwa mapenzi, wewe umenyamaza kwa huruma, na katikati ya heshima na mapenzi na huruma yenu yote yuko mzee anayebaki kuishuku pedali.

Na hiyo si sehemu iliyonikosesha raha. Rudi kwenye barua yako, pale ulipokuwa unalalamika kama wake wote tunavyolalamika, ukaandika kuhusu kandambili. Ya kulia. Inabaki koridoni na mwenyewe hana habari. Uliandika kama unataja vumbi au sauti ya redio, ukapita. Mama, mtu mzee anajua kama kiatu kimemvuka. Anaweza kuwa mvivu wa kukirudia, lakini anajua. Mumeo hajui. Mguu huo huo ndio aliokuwa anautazama kwenye mchanga, na mguu huo huo ndio unaotoa mafuta kama uji. Wewe umeandika amezeeka, nguvu zimemwisha. Uzee hauchagui mguu mmoja.

Mimi si daktari na sitajifanya. Inaweza kuwa mgongo, inaweza kuwa mishipa, inaweza kuwa sukari, inaweza kuwa kitu kidogo. Ninachojua ni kwamba magonjwa ya namna hii mengine yanatibika yakiwahiwa, na nyinyi hamjaanza hata kuwahi. Bi Mkubwa amebadilishiwa mafuta, amebadilishiwa pedi, ameitiwa fundi, amefunguliwa kila gurudumu. Mguu wa mume wako haujatazamwa na mtu yeyote kwa muda wa mwaka mzima, kwa sababu kila ulipoonyesha dalili mlilifungulia gari boneti. Sikulaumu peke yako, hata yeye ameona ni rahisi kuwa na breki mbovu kuliko mguu mbovu.

Utamwambia vipi? Umeshanieleza mwenyewe, ila hukujisikia ukisema. Umesema kuna maneno mtu huyasema kirahisi mwenzake akiwa chini ya gari. Basi mwambie mnatoa upepo, safari hii yeye alale chini na wewe ukae mahali pako. Akisema kanyaga, kanyaga kama unavyokanyaga siku zote, usimhurumie. Akisema shikilia, shikilia. Akifungua, mafuta yataruka na yeye atayaona yanaruka, maana ni mwalimu na macho yake ni mazima. Hapo hapo, kabla hajasema achia, mwambie pedali ni ngumu, imekuwa ngumu mwaka mzima, nilikuambia imelegea kwa sababu nilitaka ucheke, na juzi nililala hapo ulipolala wewe nikaona. Useme na mguu bado uko kwenye pedali. Usishuke haraka kwenda kumshika mkono. Atanyamaza, mwache anyamaze. Akikasirika, mwache akasirike, ana haki yake, mwaka mzima ulimpa gari la kulaumu. Lakini usikubali atoke chini ya gari lile bila kukubaliana naye siku ya kwenda hospitali.

Na hospitali uende naye mpaka ndani. Usikae nje kwenye benchi. Waume wakiulizwa wana nini wanasema wana uchovu kidogo. Wewe ndiye utakayemwambia daktari habari ya kandambili, na ukuta wa ngazi, na mafuta, na kwamba ni mguu wa kulia tu. Eleza kama unavyomweleza fundi, umeanza lini, unazidi au umesimama pale pale.

Binti umwambie leo, usingoje. Huyo ni mtu mzima, si wa kufichwa mambo ya kiti anachokalia mwenyewe. Mwambie seti kubwa aihifadhi kwanza, na mwisho wa mwezi huu Bi Mkubwa hatoki nyumbani. Watu uwanjani wakiuliza, semeni gari liko kwa fundi, uongo mdogo huo nakuruhusu, umeshabeba mkubwa.

Sasa tuongee kuhusu hilo gari lililombakia. Daktari akisema nguvu za mguu zitarudi, basi zitarudi, na fundi wenu anaweza kumfungia kile kifaa cha kupunguzia mguu kazi ambacho magari ya kawaida yote yanacho, na hakuna aibu hapo. Daktari akisema hazitarudi, basi mpeni binti usukani. Unaniambia anapenda gari kuliko kula, na hujaniambia kama kuna aliyewahi kumfundisha kuzungusha uwanja. Mume wako maisha yake yote amekaa kiti cha pembeni akiwaambia watu punguza, sasa kata, sasa ongeza. Kiti hicho anakijua kuliko wewe unavyoijua cherehani yako, na pale unahitajika mdomo, haihitajiki nguvu ya mguu. Upepo wa breki utaendelea kutolewa, na mkanyagaji utabaki wewe, tena sasa ukiulizwa unaisikiaje utasema unavyoisikia.

Umesema umechoka. Nakuamini, nami barua za namna hii zinanichosha, kwa sababu nusu ya wanaoniandikia wameshajua jibu na wanataka mtu mwingine alitamke. Haya, nimelitamka. Kinachokuchosha si redio wala gauni za watu. Kila siku unainama kuokota ushahidi na kuuficha chini ya kiti.

Kesho asubuhi ukiikuta ile kandambili koridoni, usiiokote. Mwite mume wako kwa jina lake, arudi aione pale ilipobaki.